Kubadili pointi za zamani za treni za mfano ziendeshwe kidijitali: mwongozo kamili

Pointi ya zamani ya treni za mfano, yaani ile sehemu ya reli inayogawa njia moja kuwa mbili, hata ikiwa na miaka 30, mara nyingi bado ni nzima. Reli hazijalika, mataruma ya plastiki yameshika, na ndimi zinateleza vizuri ukizisukuma kwa kidole. Kinachoifanya ionekane mbovu siku unapohamia udijitali ni nyaya zake, na nyaya hubadilishwa. Kwa hiyo kwa yeyote hapa Uganda mwenye sanduku la pointi alizorithi au kununua zikiwa zimetumika, nasema: usizitupe, wala usikimbilie kuagiza mpya. Pointi mpya kutoka Ulaya hufika na nauli na ushuru juu ya bei yake, ilhali vifaa vya kuibadili ya zamani unaweza kuvipata Kampala, kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki yanayowauzia wanafunzi wa uhandisi na mafundi wa redio.

Kazi ina sehemu tatu, na mpangilio wake una maana kubwa: kwanza umeme wa reli zenyewe, pili mota inayosukuma ndimi, tatu mawasiliano kati ya pointi na kituo cha amri, yaani kifaa kinachotuma amri za kidijitali kwa treni na pointi. Wengi huanza na ya tatu kwa sababu ndiyo inayofurahisha, kisha wakashangaa kwa nini mtambo wote unazimika kila injini ikipita kwenye pointi.

Ili tuelewane, pointi ina reli mbili za nje zisizosogea, ndimi mbili za ndani zinazosogea, ufito unaozishika ndimi zisogee pamoja, na kile kipande cha V ambapo reli mbili za ndani hukutana. Katika maelezo haya reli moja ya nje nitaiita nyekundu na ya pili nyeusi. Nawe fanya hivyo kwenye nyaya zako: rangi mbili tu, mtambo mzima, bila kubadilisha.

Tambua uliyonayo

Ing'oe pointi kwenye ubao. Pima kwa multimita ikiwa kwenye alama ya mlio. Gusa kipande cha V kwa ncha moja na reli ya nje kwa ncha nyingine, kisha hamisha ndimi upande wa pili urudie. Kama V ni ya plastiki, haitalia popote. Hiyo tuiite V kavu. Kama ni chuma na inalia na reli nyekundu ndimi zikiwa huku, kisha na nyeusi zikiwa kule, hiyo ni V hai. Peco, watengenezaji wa reli za mfano wa Uingereza, wameuza aina hizo mbili kwa miaka mingi, kavu kwa jina la Insulfrog na hai kwa jina la Electrofrog, na huenda nyingi ulizonazo ni zao au zimefuata mtindo huohuo.

Pima pia mota kama ipo. Mota ya zamani ya kawaida ina koili mbili na ncha tatu, moja ikiwa ya pamoja. Kila koili inapaswa kuonyesha omu chache tu. Ikionyesha kwamba waya umekatika, koili imeungua. Usijisumbue kuifufua, maana huko mbele nitakushauri uiondoe hata ikiwa nzima.

Kwa nini kilichovumilika zamani sasa kinazima mtambo

Katika mfumo wa zamani reli zilibeba volti kuanzia 0 hadi 12 kulingana na ulivyozungusha kitufe cha mwendo. Katika mfumo wa kidijitali uitwao DCC, reli hubeba volti kamili wakati wote, kwa kawaida 14 hadi 16, na pande za umeme hubadilishana maelfu ya mara kwa sekunde. Ndani ya kubadilishana huko ndimo ujumbe unamosafiri: tarakimu 1 ina nusu mbili za mikrosekunde 58 kila moja, na tarakimu 0 ina nusu za mikrosekunde 100 au zaidi. Mfumo huu ulitokana na kazi ya Mjerumani Bernd Lenz, na NMRA, chama cha wapenda treni za mfano cha Marekani, kikaufanya kuwa kanuni ya wote mwaka 1994. Ndiyo sababu dikoda, yaani kifaa kinachosoma amri hizo na kuzitekeleza, ya kampuni moja husikia amri ya kituo cha kampuni nyingine.

Sasa itazame V hai ya zamani. Ndimi zote mbili na V ni kitu kimoja kiumeme. Ndimi zikiegemea reli nyekundu, ulimi ulio wazi upande wa pili nao unakuwa mwekundu, ukiwa milimita chache tu kutoka reli nyeusi. Gurudumu la chuma likipita hapo, mgongo wake unaweza kugusa ulimi huo huku ukingo wake uko juu ya reli nyeusi. Hiyo ni shoti. Enzi za volti 12 ilikuwa cheche ndogo, injini ikaendelea kwa kasi yake. Kituo cha kidijitali hakingoji: hukata umeme mara moja, na treni zote ubaoni husimama, hata ile iliyo upande wa pili kabisa.

Kukata na kuunganisha upya

Hapa ndipo pana kazi yenyewe, na hapa usiharakishe. Utahitaji chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, risasi ya kulehemu ya elektroniki, waya mwembamba, gundi ya epoksi, na msumeno mwembamba kama ule wa masonara. Kisu cha diski kinachozungushwa kwa mota hukata upesi zaidi, lakini huyeyusha mataruma ukizubaa.

1. Geuza pointi chali. Zilizotengenezwa miaka ya karibuni zina vipande vidogo vya waya chini vinavyounganisha ndimi na V. Kama vipo, vikate, na msumeno hauna kazi tena.

2. Kama havipo, kata reli mbili za ndani, kila moja mahali pamoja, kati ya V na mwanzo wa ndimi. Acha angalau mataruma mawili yakiishika reli kila upande wa mkato, isije ikalegea.

3. Jaza mkato kwa kipande chembamba cha plastiki na epoksi, kisha ichonge ifuate umbo la reli. Mkato ukiachwa wazi, siku ya jua kali reli hutanuka, ncha zikagusana, na tatizo likarudi bila wewe kujua lilikotoka.

4. Lehemu waya mfupi kutoka kila ulimi hadi reli ya nje iliyo jirani yake. Ulimi wa upande wa nyekundu uwe mwekundu daima, wa upande wa nyeusi uwe mweusi daima. Gurudumu likiugusa ulimi ulio wazi, sasa linagusa umeme uleule.

5. Kagua ufito. Kwenye pointi zilizotengenezwa kwa mkono hapo zamani, ufito unaweza kuwa wa chuma, na ukibaki hivyo utaunganisha nyekundu na nyeusi. Weka wa plastiki, au wa ubao wa saketi uliokwanguliwa shaba katikati.

6. Lehemu waya mmoja chini ya V, uutoboze ubaoni, uuachie urefu wa kutosha.

7. Unaporudisha pointi mahali pake, tumia viungio vya plastiki kwenye reli mbili zinazotoka kwenye V. Viungio vya chuma vikibaki hapo, umeme wa njia inayofuata utarudi kwenye V na kazi yote itakuwa bure.

Kwenye V kavu mambo ni mepesi. Hakuna cha kukata. Unganisha ndimi na reli za nje kama hatua ya 4, kwa sababu pointi hizi hutegemea ulimi kugusa reli ili kupata umeme, na karibu na Ziwa Victoria, Entebbe au Jinja, unyevu huweka ukungu wa kutu kwenye mguso huo mapema kuliko unavyotarajia. Kisha tazama ncha ya V: pale reli mbili zinapokaribiana sana, gurudumu pana linaweza kuzigusa zote mbili. Tone la rangi ya kucha juu ya milimita chache za mwanzo huondoa tatizo, na hurudiwa likichakaa.

Umeme wa kipande cha V

V hai sasa haina umeme wowote hadi uipe. Treni ikienda njia iliyonyooka, V inapaswa kuwa ya rangi moja. Ikienda njia ya pembeni, ya rangi nyingine. Kifaa cha kubadilisha ni swichi ndogo yenye ncha tatu, ile ya kubonyezwa na mkono mwembamba wa chuma. Ncha ya pamoja iende kwenye V, nyingine mbili ziende nyekundu na nyeusi. Ifunge mahali ambapo mkono wa mota utaibonyeza ukifika katikati ya safari yake. Kwa kuwa ndimi zako hazijaunganishwa tena na V, swichi ikiwahi au kuchelewa kidogo haileti shoti. Hiyo ni faida ambayo anayeruka kazi ya kukata haipati.

Mota: kwa nini naipendelea servo

Una njia tatu. Ya kwanza ni kubaki na koili. Zinafanya kazi, lakini zinataka umeme mwingi kwa kitambo kidogo: mota kama PL-10 ya Peco hutaka ampea kadhaa kwa mpigo mmoja. Dikoda yake lazima iwe na kapasita kubwa inayojazwa taratibu na kumwagwa mara moja. Ukiiacha koili ikipata umeme mfululizo, hata kwa sekunde chache, inaungua. Ya pili ni mota za polepole kama Tortoise ya Circuitron, ambazo hubaki na umeme hata zikifika mwisho na hutumia takriban miliampea 16 tu. Ni nzuri mno na zina swichi ya V ndani yake, lakini hapa kwetu ni za kuagiza.

Ya tatu ni servo ndogo ya gramu 9, inayoitwa SG90. Hutumia volti 5, husogea taratibu kama pointi halisi inavyovutwa, na unaiamuru isimame mahali unapotaka. Kwetu volti 5 ni jambo kubwa. Umeme ukikatika, betri ya sola ya volti 12 yenye kipunguza volti cha LM2596 inaendesha pointi zote za stesheni. Anayejenga mtambo wa mfano wa stesheni ya Tororo, ambapo njia ya Jinja na Kampala huachana na ile ya Mbale, Soroti na Gulu, atakuwa na pointi nyingi mahali pamoja. Koili hapo zingetaka umeme ambao betri ndogo haiwezi kuutoa vizuri.

Kabla ya kufunga servo, ondoa ile springi ndogo ndani ya ufito wa pointi za Peco. Springi ilitengenezwa kwa ajili ya pigo la koili, na servo itapigana nayo bure.

Toboa tundu la milimita 8 hadi 10 chini ya ufito. Kunja waya wa chuma cha springi wa milimita 0.8, upande mmoja uingie kwenye mkono wa servo, mwingine upande kupitia tundu hadi kwenye kishimo cha ufito. Waya huu unapaswa kunyumbuka kidogo. Ukiwa mgumu kupita kiasi, servo ikikosea kidogo itang'oa ufito. Ifunge servo kwa kibano cha bati na skurubu. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanakukunjia vibano kama hivi kutoka kwenye mabaki ya bati. Gundi ya moto na utepe wa pande mbili sivipendekezi: joto la mchana chini ya paa la mabati huvilegeza, na servo ikihama milimita moja pointi haifungi.

Kituo cha amri na namba za pointi

Kama tayari una kituo cha DCC cha kununua, unahitaji dikoda ya pointi. Unaweza kuitengeneza kwa Arduino Uno, ubao mdogo wa kompyuta unaoupangia programu, na NmraDcc, mkusanyiko wa bure wa programu zilizokwisha kuandikwa. Ishara ya reli usiipeleke moja kwa moja kwenye Arduino. Ipitishe kwenye kitenganishi cha mwanga 6N137: rezista ya kiloomu 1 kutoka reli moja hadi mguu wa 2, reli ya pili hadi mguu wa 3, na dayodi 1N4148 kati ya miguu hiyo miwili ikielekea kinyume ili kulinda taa ya ndani. Mguu wa 8 uende volti 5, wa 5 uende ardhi, na wa 6 uende pini ya 2 ya Arduino, ukiwa na rezista ya kiloomu 10 kuelekea volti 5.

Kama huna kituo, usinunue bado. Programu ya bure ya DCC-EX huigeuza Arduino Mega 2560 pamoja na ubao wa Motor Shield R3 kuwa kituo kamili cha DCC, na inaendesha servo moja kwa moja bila dikoda. Jambo la kuzingatia kwenye ubao huo wa mota: kata kiungo cha nyuma kilichoandikwa Vin Connect kabla ya kuupa umeme wa reli, usije ukaiunguza Mega.

Servo huunganishwa kupitia ubao wa PCA9685 wenye nafasi 16. SDA iende pini ya 20 ya Mega, SCL pini ya 21, VCC volti 5 za Mega. Umeme wa servo zenyewe, kwenye ncha ya V+, utoke kwenye chanzo cha pembeni cha volti 5 na ampea 2 au 3. Ardhi zote ziungane. Kamwe usitoe umeme wa servo kwenye pini ya volti 5 ya Arduino, kwa sababu servo moja ikikwama inatosha kuizima.

Nafasi ya kwanza ya ubao huo DCC-EX huiita 100, ya mwisho 115. Fungua dirisha la kuandikia amri kwenye kompyuta, kisha:

`<D SERVO 100 300>`

Servo itakwenda karibu na katikati. Hapo ndipo unapoufunga mkono wake, ukiwa umesimama wima kuelekea ubao. Ukiufunga kabla ya amri hii, utaishia na servo inayofika mwisho wake kabla ulimi haujagusa reli. Baada ya hapo badilisha 300 kwa hatua za 5 au 10, kupanda na kushuka ndani ya 102 na 490, hadi ulimi uegemee reli kwa kubanwa kidogo. Servo ikiendelea kuvuma, umeisukuma kupita kiasi. Rudi nyuma hatua moja. Ukishapata namba mbili, kwa mfano 350 na 260, andika:

`<T 1 SERVO 100 350 260 3>`

Hiyo ni pointi namba 1. 350 ni njia ya pembeni, 260 ni iliyonyooka, na 3 ya mwisho ni mwendo wa taratibu wa sekunde 2 hivi. Amri `<E>` huhifadhi yote. Kuanzia hapo `<T 1 T>` huifungua njia ya pembeni na `<T 1 C>` huirudisha. Ukiongeza moduli ndogo ya Wi-Fi, simu ya Android yenye programu ya Engine Driver inafanya kazi hiyo ukiwa umesimama kando ya ubao.

Kwa wenye dikoda za kununua, neno moja kuhusu anwani. DCC ina anwani 2044 za pointi, na dikoda ya kawaida hubeba nne kwa pamoja: ya kwanza 1 hadi 4, ya pili 5 hadi 8. Vituo vya Roco huweza kupishana na vya wengine kwa nne kamili, kwa hiyo namba unayoita ikipishana kwa nne na pointi inayojibu, dikoda haina ubaya.

Pointi zisile umeme wa reli

Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Injini ikiingia kwenye V kutoka njia ambayo haijafunguliwa, kutakuwa na shoti, na kituo kitakata umeme wa reli. Kama dikoda za pointi zinategemea umeme huohuo wa reli, nazo zimekufa, na huwezi kuigeuza pointi ili kuondoa shoti. Utabaki kuinyanyua injini kwa mkono. Wape pointi chanzo chao: kwa DCC-EX na servo tayari ni hivyo, na kwa dikoda nyingi za kununua pana ncha mbili za umeme wa pembeni. Nyaya za servo nazo usizifunge pamoja na nyaya za reli, kwani kelele ya ishara ya reli huzifanya servo zitetemeke.

Umeme wa gridi ukirudi baada ya kukatika, geuza kila pointi mara moja kila upande kabla ya kuendesha treni, ili namba zilizo kwenye kituo zilingane na ndimi zilivyo ubaoni.

Kujaribu

Usianze na injini. Sukuma kwa mkono mabehewa matano yenye magurudumu ya chuma, taratibu, kwenda na kurudi njia zote mbili, mtambo ukiwa na umeme. Kituo kikikata magurudumu yakiwa kwenye ndimi, moja ya nyaya za hatua ya 4 imeachia au ufito unapitisha umeme. Kikikata magurudumu yakifika kwenye V, badilishana nyaya mbili za swichi ndogo. Kikikata mara moja moja tu, na mchana zaidi kuliko usiku, rudi kwenye mikato uone kama epoksi imejaa. Mabehewa yakiruka reli bila umeme kukatika, ulimi haujafunga. Sogeza namba ya servo ya upande huo kwa 5, ili ulimi ubanwe zaidi, na ujaribu tena. Yakipita yote, tuma injini fupi kuliko zote ulizonazo kwa mwendo mdogo kabisa. Ikisita juu ya V hai, V haipati umeme: fuata waya wake kwa multimita hadi kwenye swichi. Ikisita juu ya V kavu, tatizo ni magurudumu. Yasafishe kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kugusa kitu kingine chochote.